Somo: Paja au Goti Likivunjika

Hapa kwetu Mtwapa wakwezi huanguka minazini, na bodaboda huangusha watu kila mara barabara ya Malindi. Mtu akivunjika, wengi wetu humfunga kwa nguvu, kisha twaanza kuchanga pesa pole pole. Hapo ndipo mguu unapopotea.

Mfupa wa paja ukivunjika, misuli huvuta ncha zake zikapandana. Ndiyo maana mguu hufupika. Plasta peke yake haitoshi. Zamani mgonjwa alilala wiki nyingi, mguu ukivutwa kwa uzito. Mwaka 1939 daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, alipitisha chuma kirefu ndani ya mfupa, penye uboho. Nalo shirika la SIGN la Marekani, lililoanzishwa 1999, hutoa vyuma hivyo kwa hospitali za nchi kama zetu. Hushikwa kwa skrubu, na huweza kutiwa hata pasipo mashine ya eksrei chumbani mwa upasuaji.

Goti ni habari nyingine. Pale mifupa hukutana na kusuguana, basi uso wake lazima urudi sawasawa. Daktari huinua kipande kilichozama, akakishika kwa bamba na skrubu. Pia ya goti ikikatika mara mbili, mgonjwa hushindwa kuinua mguu ulionyooka. Hiyo hufungwa kwa waya. Halafu goti lianze kukunjwa mapema daktari akiruhusu, lisije likakaza. (Mazoezi yanauma, lakini msimwonee huruma!)

Sasa nyumbani. Usivute mguu. Ufunge pamoja na ule mzima kwa leso, bila kukaza. Mfupa ukitokeza nje, usiurudishe wala usipake majivu. Funika kitambaa safi. Huyo ahitaji dawa ya kuua vijidudu na sindano ya pepopunda mara moja, kabla usaha haujaingia mfupani. Gusa vidole: vikiwa baridi au vimekufa ganzi, legeza leso, mkimbie. Mshipa wa damu nyuma ya goti ukikatika, kwa saa chache tu mguu hufa. Na jamani, asipakiwe bodaboda.

Kuhusu pesa: tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Jiandikisheni mkiwa wazima.

Maswali ya kikundi:
Usiku wa manane, nani kwetu ana gari, na mafuta yatalipwa kutoka mfuko gani?
Mlango wa nani utang'olewa uwe machela?
Nani kati yetu bado hajajiandikisha SHA?