SOMO LA WIKI: Lita ya dizeli inalipia barabara ya nani?

Fuso likipakia mananasi Kiwangwa kwenda Dar es Salaam hupita lami ya Msata hadi Bagamoyo, kisha Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta. Mwenye mzigo hulipa gharama ya usafiri, na ndani yake imo kodi ya mafuta. Wenye magari hulalamika kuwa wanakamuliwa. Je, kinachokamuliwa kinatosha kulipia gharama ambazo gari huuachia umma?

Tanzania hutoza magari hasa kupitia mafuta. Ushuru wa barabara ulianza mwaka 1985, na Mfuko wa Barabara ukafuata 1991. Mwaka 2021 iliongezwa sh. 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Sehemu kubwa ya fedha za mfuko ni ya matengenezo, yaani kuziba mashimo na kuweka tabaka jipya la lami. Ujenzi ni hesabu nyingine. Kipande cha Mwenge hadi Tegeta, kwa mfano, kilipanuliwa kwa msaada wa Japan.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2017. Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ikaongeza ushuru wa bidhaa wa sh. 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Wafanyabiashara walishangilia, kwa kuwa gari bovu lililoegeshwa uani halikudaiwa tena. Lakini angalia nani aliingizwa katika hesabu. Mafuta ya taa yalihusishwa ili walanguzi wasiyachanganye na dizeli, na hivyo mama wa kijijini mwenye kibatari akachangia leseni ya gari asilokuwa nalo. Vivyo hivyo mvuvi wa Bagamoyo anayenunua petroli ya mashine ya boti kituoni: bei anayolipa ina ushuru wa barabara ndani yake, na boti haijawahi kuchimba shimo barabarani.

Kwa upande mwingine wapo wanaolipa pungufu. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa uharibifu wa lami hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ni nzito mara 20 kuliko ya gari dogo yenye nusu tani, lakini uharibifu wake ni kama mara 160,000. Je, lori hilo hunywa mafuta mara ngapi zaidi? Pengine mara nne au tano. Hapo ndipo kodi ya lita inapopotea njia. Kwa uchakavu wa lami peke yake, mwenye gari dogo hulipa kupita deni lake, na malori ya saruji ya Wazo, mchanga na kokoto hayafikii lao.

Kuzidisha mzigo ni kubaya zaidi. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, mzigo umeongezeka kwa asilimia 20 tu, ila uharibifu umezidi maradufu. Mafuta hayaongezeki kwa kiasi hicho. Faida ya tani mbili humwendea mwenye lori, na deni huenda kwa kila anayejaza tangi. Ndiyo maana Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari ina uzito wa kikodi, ingawa madereva huiona ya kipolisi tu.

Gari dogo nalo lina deni lake mahali pengine. Asubuhi kati ya Tegeta na Mwenge linachukua nafasi na kuchelewesha wengine, na kodi ya lita haitofautishi saa moja asubuhi na saa tano usiku. London ilianza kutoza kwa eneo na saa mwaka 2003. Ajali nazo zina gharama: vitanda vya MOI hulipiwa kwa sehemu na Hazina na kwa sehemu na ndugu wa majeruhi.

Yuko pia asiyetajwa kabisa. Aliyenunua kiwanja Mapinga au Kerege bei ikiwa chini, kisha barabara ikaboreshwa, amevuna thamani ya lami bila kununua hata lita moja. Anayekadiria viwanja vya ukanda huo aiweke faida hiyo katika hesabu yake, kwa sababu Serikali ikitafuta fedha nje ya pampu, ardhi ya kandokando ya barabara ndiyo iliyo karibu zaidi.