SOMO: KULINDA MAHINDI YA NYUMBANI

Huku kwetu Namasakata mvua ni ya msimu mmoja, kwa hiyo mahindi ya Juni hayana budi kutufikisha Machi. Yusufu alitunza nafaka ya Misri miaka saba. Sisi hata miezi tisa hutushinda, na mara nyingi adui ni dumuzi.

Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na watu wakamwita Scania. Hupenda mahindi yaliyo bado katika magunzi, kwa kuwa punje iliyoshikwa imara hutoboka kwa urahisi. Basi tupukuchue mapema, ila yawe makavu. Tutie punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tutikise, tungoje robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, tuyarudishe juani.

Dumuzi hujificha pia katika miti ya kihenge na katika makopa. Kumwaga mahindi mapya juu ya vumbi la mwaka jana ni kumwandalia karamu! Kihenge kifagiliwe, miti iliyotobolewa ichomwe, makopa yawekwe mbali.

Siku hizi iko mifuko ya plastiki miwili inayotiwa ndani ya kiroba. Ikifungwa barabara, wadudu hufa kwa kukosa hewa, wala dawa haihitajiki. Mbegu za dukani zilizotiwa dawa ya rangi zisisagwe kamwe, hata Februari debe likiwa tupu.