Nitembee Wapi, Daktari? Bustani za Jiji katika Tiba ya Kisukari na Shinikizo la Damu

Katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza kuna maneno ambayo sisi madaktari huyatamka mara nyingi kwa siku pasipo kuyafikiri: punguza chumvi, punguza uzito, fanya mazoezi. Nami nimeyatamka kwa miaka mingi. Siku moja bibi mmoja mwenye umri wa miaka sitini na ushei, mkazi wa Gerezani jijini Dar es Salaam, mwenye kisukari na shinikizo la juu la damu, alinisikiliza hadi mwisho, akaiweka kadi yake mkobani, kisha akaniuliza kwa upole: "Nimekusikia, mwanangu. Sasa hayo mazoezi nikayafanyie wapi?"

Sikuwa na jibu. Anaishi katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na wapangaji kila upande. Mbele ya nyumba, sehemu ya waenda kwa miguu imepangwa viatu na ndoo za plastiki. Barabarani bodaboda na mikokoteni hugombania nafasi. Ukumbi wa mazoezi wenye mashine hutoza ada ya mwezi ambayo yeye hununulia unga. Hata hivyo, viwanja na bustani ya Mnazi Mmoja vipo mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni kwake, naye huvipita kando kila ajapo mjini. Haikumpitikia yeye, wala haikunipitikia mimi, kwamba pale ndipo mahali pa tiba yake.

Tuanze na kutembea kwenyewe. Msuli unapofanya kazi huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haba au haisikilizwi vizuri na mwili, na athari hiyo huendelea kwa saa kadhaa baada ya mtu kukaa. Mishipa ya damu nayo hulegea, na shinikizo hushuka kwa muda. Ndiyo maana kutembea siku nyingi za wiki kuna faida kuliko kujichosha Jumapili moja na kulala siku sita. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kiasi, na mwongozo wake wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo. Kila dakika inahesabika. Mwendo wa kiasi hauhitaji saa ya kupimia mapigo ya moyo: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa dawa ni kutembea, miti ya nini? Kwanza, kivuli. Kuanzia Desemba hadi Machi joto na unyevu wa Dar es Salaam humwelemea hata kijana, sembuse mzee anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini, ambaye akitembea juani hupata kizunguzungu na pengine kuanguka. Mwembe, mkungu au mwarobaini huzuia jua, na majani yake hutoa mvuke unaopoza hewa inayouzunguka mti. Pili, hewa: anayetembea ndani ya bustani huvuta moshi mchache wa magari kuliko anayetembea ukingoni mwa barabara kuu, jambo lenye uzito kwa mwenye pumu au moyo dhaifu. Tatu, akili hupumzika, na hapa ushahidi unahitaji kusomwa kwa uangalifu.

Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo: nusu yao walilazwa vyumba vyenye dirisha lililotazama miti, nusu nyingine dirisha lililotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Idadi ni ndogo, na hatupaswi kujenga ghorofa juu ya msingi huo peke yake. Mwaka 2019, uchunguzi wa watu wapatao 20,000 nchini Uingereza ulionyesha kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walielekea zaidi kusema afya yao ni njema, na ilikuwa mamoja kama dakika hizo zilitimia kwa safari moja au kadhaa. Je, bustani ndiyo iliyowapa afya, au wenye afya ndio wanaokwenda bustanini? Uchunguzi wa aina hiyo hauwezi kulikata swali hilo peke yake. Nami humwambia mgonjwa ninachoweza kukisimamia: kutembea ni tiba iliyothibitishwa, na mahali penye miti humfanya mtu arudi kesho. Dawa isiyomezwa haitibu, na zoezi lisilopendeza halirudiwi.

Kuhusu Mnazi Mmoja, fani yetu ina deni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, utawala wa Waingereza uliuacha wazi ukanda huo baina ya mitaa ya biashara na Kariakoo, mtaa wa Waafrika, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa ya kitabibu: kuwatenga watu ili maradhi yasivuke. Udaktari ulitumika kuhalalisha ubaguzi. Ukanda uliokusudiwa kutenganisha umekuwa mahali ambapo mwanafunzi, mchuuzi na mzee hukutana chini ya mti mmoja, na kama leo daktari atamwelekeza mgonjwa wa Kariakoo aende akatembee humo humo, sioni vibaya. Si mbali na hapo iko Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa majaribio ya mazao ya biashara. Ni ndogo, lakini kimya chake saa za asubuhi ni cha thamani kwa mtumishi wa ofisi za jirani mwenye nusu saa ya mapumziko. Wa Oysterbay na Msasani wana ufukwe wa Coco, wenye upepo wa bahari na wauzaji wa mihogo ya kukaanga. (Nawaonya: anayetembea dakika 30 akamalizia kwa sahani ya mihogo yenye chumvi na soda moja baridi, hesabu yake imerudi pale pale.)

Nilipomtajia bibi yetu Mnazi Mmoja, alicheka. "Mimi nikakae bustanini? Watu watasema nimefukuzwa nyumbani." Hapo nikaelewa kwamba kikwazo si umbali. Katika mitaa yetu, mwanamke mtu mzima anayeonekana nje bila mzigo, bila mgonjwa wa kumtazama na bila msiba wa kwenda, hudhaniwa ana jambo. Muuguzi wetu, ambaye katika mambo haya ananizidi akili, ndiye aliyelifungua fundo. Alimuuliza ni nani shoga yake wa karibu, na huyo shoga ana maradhi gani. Jibu likawa shinikizo la damu. Wakapangiwa kwenda pamoja, baada ya swala ya alasiri, siku tano za wiki, na kurejea kabla ya magharibi. Wawili wakitembea wana mazungumzo, na mwenye mazungumzo haulizwi. Kadhalika wana usalama: simu haitolewi hovyo, na akijisikia vibaya mmoja, mwingine yupo.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ya kuandika. Kwenye kadi siandiki tena "mazoezi" tu. Naandika mahali, saa, mwenzi na muda wa kuanzia, ambao kwa asiyezoea huwa dakika 10, tukiongeza kidogo kila wiki. Nawasihi wenzangu, hasa maofisa tabibu na wauguzi wa zahanati, wachukue siku moja kuuzunguka mtaa wanaouhudumia kwa miguu na kuorodhesha maeneo ya wazi: uwanja wa shule unaofunguliwa jioni, ua wa msikiti au kanisa, njia ya ufukweni, hata mstari wa miarobaini kando ya barabara tulivu. Asiyejua mahali hawezi kumwelekeza mtu.

Yapo mambo ya kuangalia kabla ya kumruhusu mgonjwa. Mwenye shinikizo la 180 kwa 110 au zaidi atibiwe kwanza. Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari akiwa njiani. Apime kabla ya kutoka ikiwezekana, na ikiwa chini ya 5 ale kitu kwanza. Mfukoni abebe sukari, vijiko vitatu vya chai vilivyofungwa kwenye karatasi, avinywe na maji akihisi kutetemeka, jasho baridi au kuchanganyikiwa. Anayetumia metformini peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo sana. Maumivu au kubanwa kifua wakati wa kutembea ni amri ya kusimama na kwenda hospitali, hata kama yamepoa baada ya kupumzika.

Miguu naisemea peke yake, kwa kuwa hapo ndipo nimeona majuto makubwa. Kisukari cha miaka mingi huleta ganzi, na mtu huweza kukanyaga kizibo cha chupa au mwiba bustanini asijue mpaka kidonda kioze. Kandambili hazifai. Viatu vilivyofunika vidole, visivyobana, pamoja na soksi safi. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani utafute mawe. Ukirudi, kagua nyayo na katikati ya vidole, na macho yakiwa hafifu mjukuu akukagulie.

Na mbu. Jiji hili lilipata milipuko ya homa ya dengi, ambayo wengi huiita kidingapopo, mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake huuma mchana, zaidi asubuhi baada ya kuchomoza jua na jioni kabla ya kuchwa, saa zile zile tunazowashauri watu watembee. Huzaliana katika maji machache yaliyotuama: tairi, kopo, dafu lililokwisha kunywewa. Vazi refu na dawa ya kupaka humlinda mtembeaji. Bustani yenyewe hulindwa na anayeokota kopo.

Maeneo haya hayajilindi. Jijini Nairobi, Profesa Wangari Maathai alipinga mwaka 1989 mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na mradi ukaachwa. Mwaka 1999 alijeruhiwa akitetea msitu wa Karura usigawanywe viwanja. Leo watu hutembea na kukimbia humo, ingawa kwa kiingilio, na kiingilio kwa mgonjwa maskini ni kama bei ya dawa. Kwetu hasara huja kimya kimya. Katika hospitali moja niliyowahi kuifanyia kazi palikuwa na miembe mitatu ambapo ndugu wa wagonjwa walikaa wakisubiri saa ya kuona wagonjwa. Ilikatwa ili kupata maegesho ya magari, yangu likiwemo. Ndugu wakahamia kwenye ngazi, juani, na sikusema neno. Laiti siku ile ningekuwa nimekwisha kuulizwa lile swali.

Bibi wa Gerezani alirudi kliniki baada ya miezi minne. Shinikizo lake lilikuwa limeshuka na sukari pia, lakini katika kipindi hicho tulikuwa tumemwongezea dozi ya dawa moja, kwa hiyo siwezi kugawa sifa baina ya kidonge na bustani. Alilalamika kwamba siku za mikutano eneo hujaa na wao hukosa pa kupita. Wamekuwa watembeaji wanne sasa. Aliniuliza kama anaweza kuongeza mzunguko wa tatu. Nilimwomba avue viatu kwanza, nikague nyayo.