Keti Kando ya Mto, Ungoje Mbega

Chai hudanganya macho. Ukisimama barabarani Kericho unaona kijani kibichi mpaka upeo, ukadhani humo wanyama wamejaa. Humo ni chai tu. Uhai umebaki kwenye ukanda mwembamba wa miti ya asili unaofuata mto: Kimugu, Itare, Kiptiget, au Nyangores upande wa Bomet. Teremka huko.

Nenda alfajiri. Mvua ya Kericho hupenda alasiri, pengine na mawe, na ikikukuta bondeni ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Vaa gambuti. Mbwa mwache nyumbani. Mashamba makubwa yana wenyewe, kwa hiyo piga hodi kwa askari wa getini. Huenda yeye ndiye ajuaye mbega wamelala mti gani.

Ukifika, usizunguke. Keti. Dume la mbega hunguruma kunapokucha, sauti nzito kama pikipiki inayokataa kuwaka; ifuate kwa macho, si kwa miguu. Tazama matawi ya juu yanayopata jua kwanza, maana wao huota jua kabla ya kuanza kula majani. Asubuhi moja nilimwona mama amepakata kitoto cheupe pepepe, uso wa waridi, kwa kuwa mbega huzaliwa bila weusi wowote. Jike jingine likakichukua polepole, likakigeuza, likakilamba kichwani, kisha likakirudisha. Chai yangu ilipoa kwenye thamosi.

Ukipata mkuyu wenye matunda, huna haja ya kwenda mbali zaidi. Shorobo huja hapo: mwili wa zambarau, na akiruka mabawa yanawaka wekundu. Kwenye panda za miti juu ya maji tafuta lundo kubwa la vijiti lenye tundu ubavuni, hilo ni kiota cha ndege aitwaye fundichuma.

Korongo taji, ambaye Wakipsigis humwita kong'ony, yuko penye majimaji. Hapo nakusihi: ukiona wawili wamejitenga na kundi, rudi nyuma. Yawezekana wana kiota matetani, na ndege hawa wanazidi kupungua.

Ukiwa na wazee au watoto wadogo, wapeleke Arboretum ya Kericho, kando ya bwawa la Chagaik, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Nakuru. Mbega wapo huko pia. Usiwatupie mkate wala ndizi. Tumbo lao ni la majani.