Utumbo wa Ngege si wa Trauti: Somo kwa Wafugaji wa Samaki

Pumba za ngano ni nafuu, na wafugaji wengi wa samaki katika Kaunti ya Nyeri huzitegemea kupunguza gharama ya chakula. Kwa ngege, pumba ni nyongeza inayofaa. Kwa trauti wa maji baridi ya upande wa Mlima Kenya, ni pesa zinazomwagwa majini. Sababu iko kwenye utumbo.

Samaki anapokula, protini huvunjwa ikawa asidi amino na wanga ukawa sukari iitwayo glukosi. Ili kuingia mwilini, virutubishi hivi hutegemea vibebaji vilivyo kwenye seli za ukuta wa utumbo. Kibebaji cha glukosi hakibebi asidi amino, kwa hivyo samaki mwenye vibebaji vichache vya sukari hupitisha sukari kidogo, hata akilishwa wanga mwingi kiasi gani.

Mwaka 1987, watafiti Buddington, Chen na Diamond walilinganisha samaki wa spishi nane. Walipopima uwezo wa kubeba glukosi dhidi ya ule wa kubeba asidi amino aina ya prolini, wala nyama walikuwa chini na wala mimea juu. Tofauti hiyo haikuisha hata samaki walipopewa chakula cha aina moja. Yaani, kwa sehemu, samaki huzaliwa nayo. Anayetumaini kumzoesha trauti pumba polepole atangoja sana.

Maumbile nayo yanachangia. Utumbo wa ngege, mla mwani, umejikunjakunja na huzidi urefu wa mwili wake mara kadhaa. Wa trauti ni mfupi kuliko mwili. Tena, hata sukari inayofika kwenye damu ya trauti hukaa muda mrefu kabla ya kutumika.

Chakula kisichofyonzwa hutoka kama kinyesi, huoza, na kumaliza oksijeni kidimbwini. Hasara inakuwa mara mbili.

Kambare yuko katikati: hula vyote, ila hupendelea nyama. Kwa samaki wa kukuzwa, ngege hutosheka na chakula chenye protini ya takriban asilimia 30, kambare 35 hadi 40, na trauti 40 au zaidi. Kiwango hicho huandikwa kwenye gunia. Anayejichanganyia omena, soya na pumba nyumbani amwone afisa wa uvuvi kabla ya kupima, hasa kwa vifaranga, ambao huhitaji protini zaidi.