Dondoo muhimu: Kabla hujatia kisu mfukoni

Vijana wa mitaa ya Kayole, Dandora na Umoja jijini Nairobi huuliza kisu kipi kinafaa kujilinda usiku. Jibu langu ni fupi: kiache jikoni.

Fikiria ngeta inavyokuja. Mkono unakukaba koo kutoka nyuma, mwenzake tayari anapekua mifuko, nawe unatafuta pumzi tu. Kisu cha kukunja kilicho chini ya simu na funguo utakifungua saa ngapi? Wakikipata wao kwanza, umewaletea silaha.

Halafu kuna sheria. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 7 hadi 15 kwa anayekutwa na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Kwenye msako wa saa 6 usiku, haya, mweleze afisa kwamba nia yako ni njema. Umati wenye hasira nao hauulizi hata hilo.

Shuka kwenye steji yenye vibanda vilivyo wazi, hata kama utatembea zaidi kidogo. Simu ifiche kabla ya kushuka matatu, na vitu vya masikioni uvitoe. Firimbi ishike mkononi, si kwenye begi. Mkiweza, ongozaneni na jirani.

Ukishakabwa, achilia simu, laini hurudishwa.

Na mtu akichomwa, kisu kikabaki mwilini, usikichomoe. Kandamiza kando yake kwa kitambaa safi, mwingine apige 999 au 112.