Land Rover ya Mjomba

Leo tunajifunza habari za gari. Tena si gari jipya. Ni Land Rover kuukuu, au Landrova kama tunavyosema wenyewe, iliyokaa chini ya mwembe hapa Kisaki kwa miaka kumi na mmoja. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Watoto walikuwa wakikamata usukani na kwenda Dar es Salaam na kurudi, bila gari kusogea hata hatua moja.

Gari hilo lilikuwa la mzee mmoja. Alipofariki lilibaki kwa wapwa zake, maana kwa desturi yetu ya Waluguru na Wakutu, mali ya mjomba huwaendea watoto wa dada yake. Wapwa hao ni watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wote walijifunza kusoma katika darasa letu la jioni. Siku moja wakaja na neno. Mnunuzi wa chuma chakavu amefika na mizani yake. Anataka kulikatakata gari na kulipima kwa kilo. Je, wauze?

Yule dada akasema, "Mwalimu, ufuta wetu uko shambani. Mvua ikikolea lori haliji. Tukiuza hii kwa kilo, tutabebea nini?"

Ni swali la haki. Barabara ya kutoka hapa kupita Bwakira na Mvuha mpaka Morogoro mjini kila mtu anaijua wakati wa masika. Reli ya TAZARA tunayo, stesheni iko hapa hapa Kisaki, lakini treni haiingii shambani kwa mtu.

Sisi hatukujibu ndiyo wala hapana. Tukawaambia: kabla ya kuuza, na kabla ya kufungua nati hata moja, leteni daftari na kalamu.

Karatasi kwanza

Ukurasa wa kwanza wa daftari uliandikwa namba. Kila gari lina namba ya chesisi. Chesisi ni ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba injini, bodi na magurudumu. Katika Land Rover za zamani namba hiyo imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Ilikuwa imefunikwa na tope lililokauka na grisi. Wakasugua kwa brashi ya waya. Mmoja akasoma tarakimu moja moja, mwingine akaandika, wa tatu akalinganisha na kadi ya gari.

Zilikuwa sawa. Zingekuwa tofauti tungewashauri waache kabisa, kwa sababu gari lenye namba mbili ni kesi inayongoja mwenyewe. Hata hivyo kadi ilikuwa na jina la marehemu. Hapo hakuna njia ya mkato. Familia inakaa kikao, inamchagua msimamizi wa mirathi, mahakama inamthibitisha, ndipo unakwenda TRA kubadili jina. Wapwa walianza safari hiyo siku ile ile, na kazi ya spana ikaendelea pole pole nyumbani. Wangoja karatasi wengi hukaa bure wakati kutu hailali.

Kugonga chuma

Watu hutazama bodi. Wakiona mlango umebonyea wanasema gari limekufa. Bodi ya Land Rover si ya kutisha. Gari hili lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 na kampuni ya Rover. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha majuzi tu, na bati la chuma lilikuwa haba, linatolewa kwa kibali. Basi sehemu kubwa ya bodi wakaifanya ya alumini, jamaa ya sufuria zetu. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenga injini na abiria pia ni chuma. Humo ndimo ugonjwa unamojificha.

Chesisi ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope la mbuga likiingia humo hukaa na maji yake miezi mingi, na chuma huliwa kutoka ndani wakati nje rangi inang'aa. Kwa hiyo shika nyundo ndogo, lala chini, gonga kila shubiri moja. Chuma kizima hulia ngee! Kilichooza hujibu kwa sauti nzito kama kugonga gome. Ukisikia hivyo, chukua bisibisi usukume. Ikizama, tia alama ya chaki na uandike.

Sisi tulipata alama saba. Sita zilikuwa kwenye mikono ya pembeni inayobeba bodi, na moja kwenye boriti ya nyuma kabisa. Boriti zile mbili ndefu za katikati zilikuwa nzima. Hapo ndipo tuliposema: ndugu zetu, gari hili linafufuka. Lau boriti ndefu zingekuwa zimeoza kila mahali, tungewashauri wamwite yule bwana wa mizani.

Angalia pia pale alumini inapogusana na chuma. Unyevu ukiingia kati yao, alumini hugeuka unga mweupe. Ukirudisha bodi, paka rangi pande zote mbili na uweke kipande cha mpira katikati.

Makopo ya maziwa

Gereji yetu ilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kitu kinachofunguliwa bila kuandikwa. Daftari lilipigwa mistari. Jina la kifaa, kilitoka wapi, kina nati ngapi, hali yake. Nati na bolti zikaingia katika makopo ya maziwa, kila kopo na karatasi yake. Palipokuwa pagumu kueleza kwa maneno tulichora.

Mpwa mkubwa alicheka mwanzoni. Ati fundi wa kweli anakumbuka kwa kichwa. Mwezi wa tatu alikuwa anatafuta bolti za giaboksi, na kichwa kikakataa. Kopo namba 14 likamjibu.

Jambo jingine ni spana. Nati nyingi za Land Rover hizi ni za kipimo cha inchi. Ukilazimisha spana ya milimita, unazila pembe, na baada ya hapo utahitaji patasi. Spana na vipuri vililetwa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa treni. Gari letu ni la aina iitwayo Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, lakini vipuri vyake bado vinatengenezwa na viwanda mbalimbali. Magari haya yana wapenzi wengi. Oktoba mwaka 2024 Land Rover za kila umri zilikusanyika Arusha kwa tamasha lao.

Injini iliyoshikana

Injini iliyokaa miaka mingi usiiwashe. Pistoni hushikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha kwa kusukuma gari au kuvutwa na trekta, unavunja ringi. Sisi tulitoa plagi zote nne, tukamimina kwenye kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili, tukaacha siku tano. Kisha tukaingiza hendeli ya mbele na kujaribu kidogo, mbele na nyuma. Siku ya sita ikasogea.

Unapozungusha hendeli kuwasha injini, dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine. Usilizungushie kama unavyoshika jembe. Injini ikipiga kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu na kuvunja dole au kiwiko.

Petroli ya zamani ilikuwa gundi tupu. Tangi lilioshwa, kabureta likafunguliwa na kupulizwa. Kisha tukafanya hesabu za desimali, zile ambazo darasani watu huuliza zina faida gani. Mwanya wa plagi, milimita 0.75 hadi 0.80. Mwanya wa pointi, milimita 0.35 hadi 0.40. Mwanya wa valvu, milimita 0.25. Mfuatano wa moto katika silinda ni 1, 3, 4, 2. Ukiunga waya 1, 2, 3, 4 kwa kufuata mazoea ya kuhesabu, gari litapiga risasi kwenye ekzosi na halitawaka.

Liliwaka siku ya Jumamosi jioni. Kijiji kizima kilikuja. Furaha hiyo ndiyo iliyotuponza.

Breki

Hapa tunaomba msomaji asome pole pole.

Kopo la breki lilikuwa limepungua. Kando yake kulikuwa na vyombo viwili. Kimoja kilikuwa chupa ya mafuta ya breki, imeandikwa waziwazi DOT 3. Cha pili kilikuwa kopo la oili ya injini. Mkono ukachukua kopo la oili na kumimina. Mafuta si ni mafuta? Aliyemimina si mwanafunzi. Ni sisi, mwalimu, tunaofundisha watu kusoma maandishi ya kwenye chupa.

Ndani ya breki mna vikombe vidogo vya mpira vinavyozuia mafuta yasivuje. Oili ya injini, petroli na mafuta ya taa huvimbisha mpira huo na kuulainisha. Haionekani mara moja. Siku ya kwanza kanyagio lilikuwa zuri. Siku ya tatu breki zilianza kushika bila kuachia. Siku ya nne, kwenye mteremko wa kwenda mto Mgeta, kanyagio lilizama mpaka sakafuni. Katika magari mengi ya umri huu magurudumu yote manne hutumia njia moja ya mafuta. Njia ikishindwa, hakuna gurudumu linalobaki na breki. Nyuma walikuwa wamekaa watoto wawili waliodandia kwa furaha. Dereva alirudisha gia namba moja, akaacha barabara na kugonga kichuguu. Taa moja ilivunjika. Watoto walitoka wakicheka. Sisi miguu haikutubeba kwa muda.

Dawa yake si kumwaga oili na kuweka mafuta mengine. Kila mpira uliogusa oili hutupwa: wa pampu kuu, wa magurudumu manne, na paipu za mpira. Mabomba ya chuma huoshwa kwa spiriti na kupulizwa yakauke. Ndipo unaweka mafuta mapya ya breki na kutoa hewa. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine anafungua nati ndogo kwenye gurudumu, hewa na mafuta yanatoka kupitia mpira mwembamba uliozamishwa kwenye chupa, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu. Endelea mpaka mapovu yaishe, na kopo la juu lisikauke.

Na breki ya mkono je? Katika Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka kwenye giaboksi kwenda nyuma. Maana yake ni hii: ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma likaning'inia, difu inaliruhusu lizunguke peke yake, na gari linaweza kuondoka huku breki ya mkono imevutwa. Wapo waliolala chini ya gari wakiamini ule mkono. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na magogo imara chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia.

Kuchomelea tulimwachia fundi mwenye mashine. Kabla hajaanza tulitoa betri, na tangi la petroli likawekwa mbali kabisa na banda.

Gari lilivyo sasa

Jina la kadi limebadilishwa. Msimu uliopita Land Rover ya mjomba ilibeba magunia ya ufuta kutoka shambani hadi stesheni. Penye tope dereva hubonyeza kirungu cha njano, magurudumu yote manne yanavuta. Penye tope zaidi husimama, akavuta mkono mwekundu nyuma apate gia nzito. Akifika barabara ngumu anarudisha magurudumu mawili, maana ukikimbia na manne pakavu unachosha difu na shafti. Boriti ya nyuma haijabadilishwa. Imeandikwa kwenye daftari ukurasa wa 31, "baada ya mavuno", na mpaka hapo hawafungi tela.

Kazi ya darasani: tafuteni chupa au makopo matatu ya mafuta yoyote yaliyopo kijijini. Someni maandishi yote, hata yale madogo ya nyuma. Andikeni kila moja ni la kazi gani na lisitiwe wapi. Kisha mtu mmoja aeleze kwa nini pale Mgeta breki zilikubali siku ya kwanza na kukataa siku ya nne.